Karatasi Moja ya Kila Kitu

Jumamosi, 28 Juni 1986

Nimerudi Karatu. Vumbi mpaka kwenye meno. Basi liliharibika Mto wa Mbu, tukala ndizi nyekundu mpaka tukazikinai, kisha tukashuka kusukuma. Sijali. Aliyeondoka hapa alikuwa karani wa mizani. Aliyerudi ni mtaalamu!

Ushirika ulinipeleka Arusha kwenye mafunzo ya kompyuta kwa sababu Patrisi, karani mwenzangu, aliumwa jino. Nafasi ilikuwa yake. Shavu likavimba usiku wa kuamkia safari. Mungu ni mwema. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja, imefunikwa kitambaa cha mezani, tukaruhusiwa kuitazama kwa zamu. Haidhuru. Elimu ilikuwa ubaoni. Mwalimu, kijana mwembamba kutoka Dar, alichora sanduku. Akasema mjinga huandika maagizo ya kupanga maharage, kisha mengine ya kupanga mahindi, kisha mengine ya ngano, na yote ni yale yale. Mwerevu huandika mara moja tu. Mahali pa jina la kitu anaweka herufi T. Sanduku la T! Siku ya kazi ndipo anasema: leo T ni maharage. Kesho T ni ngano. Maagizo hayabadiliki hata nukta. Ila sanduku ukishalitaja kuwa la maharage, ni la maharage, usitie kitu kingine.

Nilisisimka. Nilimfikiria Patrisi na majalada yake, kila zao na jalada lake, kila jalada na utepe wake.

Mchana wa mwisho kulikuwa na somo la masharti, yaani T ipi inafaa kwa maagizo yapi. Sikuhudhuria. Ilivuma kwamba duka moja limepata sabuni za mche, nikapanga foleni. Nilipata mche mmoja. Masharti kila mtu anayajua, sabuni hakuna anayeijua siku wala saa.

Sasa jambo lenyewe. Mzee Piusi, mtunza ghala wetu, anastaafu baada ya Saba Saba. Kazi yake itakuwa yangu au ya Patrisi. Inakuja na nyumba ya bati, vyumba viwili, nyuma ya ghala. Na Mzee Bartolomeo ametamka wazi kwamba binti yake Lukresia hataolewa na mwanamume anayelala jikoni kwa mjomba. Mimi nalala jikoni kwa mjomba. Basi mambo yamefuatana: ghala, nyumba, Lukresia. Nikikosa la kwanza nimekosa yote.

Jumatatu, 30 Juni

Mkutano wa watumishi. Ndugu Katibu, Mama Eunike, alisema maonyesho ya Saba Saba mwaka huu yatafanyika kiwanja cha ghala letu. Wageni watatoka mpaka Mbulu. Kila kinacholetwa kipokelewe, kipangwe, na kilicho bora kichaguliwe. Akasema pia, huku akituangalia mimi na Patrisi kwa zamu, kwamba atakayeendesha vizuri ndiye atakayepewa funguo za Mzee Piusi.

Patrisi akainuka na majalada. Maagizo ya maharage. Maagizo ya vitunguu. Maagizo ya pareto, yenye kiambatisho! Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma Injili. Mzee Piusi alisinzia.

Nikasimama. Nikasema majalada yote hayo yanaingia kwenye karatasi moja, tena upande mmoja. Nikaandika ubaoni:

KUPANGA SANDUKU LA T. Mwaga T chini, uhakikishe ndani yake hakuna kisicho T. Irudishe. Weka T mbili kwenye mizani. Nzito kulia, nyepesi kushoto. Endelea hivyo mpaka T zote ziishe.

Mzee Piusi aliamka, akauliza huyo T ni mtoto wa nani. Nikaeleza taratibu. Leo ni maharage, kesho ni ngano, keshokutwa ni chochote Ndugu Katibu atakachotaka. Patrisi alisema kitu kinachofaa kwa kila kitu hakifai kwa kitu chochote. Nikamwambia huo ni wivu wa majalada. Wapagazi walicheka sana. Tobiko, mpagazi wetu mwenye nguvu kuliko lori, alipiga goti kwa furaha.

Ndugu Katibu kanipa siku ya kesho nijaribu. Sina usingizi.

Jumanne, 1 Julai

Asubuhi: ushindi! Nilipaza sauti, T ni gunia la maharage! Wakamwaga, wakarudisha, wakapima, wakapanga. Nikapaza tena, T ni gunia la ngano! Karatasi ile ile, mikono ile ile, hakuna aliyeuliza swali. Lori la kahawa kutoka Oldeani lilipofika, dereva alitegemea kulala hapa. Kabla chai haijapoa nilikuwa nimemaliza magunia yake. T ni gunia la kahawa, basi. Ndugu Katibu alisimama mlangoni akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Patrisi alijifanya anatafuta kalamu.

Nilikwisha anza kuchagua upande wa kuweka kitanda katika nyumba ya bati.

Mchana: akina mama wa kijiji cha Daa walileta mayai, makapu kwa makapu, yamefunikwa majani makavu. Nilikuwa ofisini nikijisifu. Tobiko aliita kutoka ghalani, akauliza T sasa ni nini. Nikajibu bila kuinua kichwa: T ni kapu la mayai.

Nikasikia.

Sitaki kuandika nilichosikia. Tobiko ni mtu mtiifu. Karatasi inasema mwaga T chini, naye alimwaga. Nilipofika mbio alikuwa ameinama juu ya kapu la pili, anahakikisha hakuna kisicho yai. Nikapiga kelele. Akaniuliza kwa upole sasa anarudishaje, maana karatasi inasema irudishe.

Akina mama wa Daa hawakutukana. Walinitazama tu, kisha mmoja wao akaniuliza kama mama yangu bado yu hai. Hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Nilideki ghala mwenyewe kwa sabuni yangu ya foleni. Mche wote umekwisha!

Ndugu Katibu aliuliza kama kule Arusha hawakufundisha ni T gani isiyofaa. Nikasema hawakufundisha. Patrisi alisema pole, kwa furaha kubwa.

Jumatano, 2 Julai

Nimegundua kosa. Kosa ni kubagua! Mara T ni yai, mara T ni gunia, ndiyo maana wapagazi wanachanganyikiwa. Dawa: T iwe kitu. Kitu chochote! Chumba kimoja, sanduku moja, Sanduku la Chochote. Kinachokuja kinaingia. Hakuna kuuliza, hakuna kumwaga, hakuna kudondosha. Niliondoa vibao vyote vya majina ya mazao mlangoni mimi mwenyewe.

Mpaka saa nne mambo yalikuwa matamu. Vitunguu, ngozi, asali, kuku, pareto, samli, mbegu za alizeti, vyote humo humo. Mzee Piusi alisema katika miaka yake yote hajaona ghala linajaa kwa amani namna hii.

Tatizo ni kutoa.

Ndugu Katibu alimtuma Tobiko achukue vitunguu kidogo kwa ajili ya mboga ya mgeni wa kutoka mkoani. Sanduku ni la chochote, basi Tobiko akatoa chochote. Kilichotangulia mkononi kilikuwa mfuko wa pareto, maua yale ya dawa ya wadudu. Mpishi naye hakuuliza, kwa sababu ghala halijawahi kumletea kitu kisichojulikana. Aliufungua mfuko juu ya jiko. Mgeni wa mkoani alipiga chafya mpaka kofia ikaanguka ndani ya ugali. Inzi wa jikoni walikufa wote, nilijaribu kulitaja hilo kama faida.

Jioni tulifungua mlango tukakuta kuku wamekula alizeti ya maonyesho, wamepanda juu ya ngozi, na samli inanuka ngozi, na ngozi zinanata asali. Tuliingiza mkono bila kujua utatoka na nini. Mzee Piusi alitoka na jogoo, jogoo akatoka na kofia ya Mzee Piusi.

Patrisi alirudisha vibao, kimoja kimoja, akipiga mluzi wa wimbo wa kanisani.

Alhamisi, 3 Julai

Nimerudi kwenye T. Sikushindwa, nilikuwa nafanya utafiti.

Kilichobaki ni ng'ombe. Kila mwaka watu hawaji kuangalia maharage, wanakuja kuangalia ng'ombe. Atakayeendesha ng'ombe ndiye aliyeendesha Saba Saba. Nikaomba nikawaalike wafugaji wa juu, Ngorongoro. Nikapanda lori la kuni mpaka getini, kisha miguu. Baridi ya kule ina meno! Ukungu ulinifuata kama mdai.

Nilimkuta Mzee Saruni akiangalia mifugo yake ikitoka bomani. Nikamsalimia Supai, akaitikia Ipa. Nikanywa maziwa. Nikamweleza T. Alisikiliza vizuri sana, ameegemea fimbo, mguu mmoja juu ya mwingine. Nilipomaliza akaniuliza nitawapimaje ng'ombe, na mizani yangu ni ya magunia. Nikasema nitawapanga mstari, nitawanyooshea kidole, nitawahesabu, kisha nitawalinganisha wawili wawili.

Akasema ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Akasema yeye hajawahi kuhesabu, anawajua kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao, na asipokuwapo mmoja anaona pengo kabla hajaona ng'ombe. Kunyooshea kidole ni kuwaita wafe. Akaniuliza kama nyumbani kwetu mama alikuwa akitupanga kwa uzito kabla ya kutugawia uji.

Wake zake walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa adabu.

Atakuja. Ametoa masharti mawili: wasihesabiwe kwa kidole, na wasitenganishwe, maana wameondoka pamoja na watarudi pamoja. Nikasema hakuna shida, mzee wangu. Masharti tena! Kila mtu ana masharti siku hizi.

Jumamosi, 5 Julai

Nimemwona Lukresia mashineni, anasubiri mahindi yake yasagwe. Nywele zina unga. Nilisahau salamu. Alinisalimia yeye, akasema habari za mayai zimefika mpaka kwao, akacheka, lakini hakucheka vibaya.

Nikamweleza juu ya T, ili ajue akili ninayo ingawa mayai yalivunjika. Nikamwambia uzuri wake ni kwamba haijali ni kitu gani, maneno ni yale yale. Akauliza, na watu? Nikasema hata watu! Akauliza, hata mimi? Nikasema kwa fahari kabisa kwamba hata yeye anaweza kuwa T, bila kubadilisha chochote.

Alichukua ndoo yake ya unga akaenda. Nadhani alikuwa anatafakari. Hesabu za aina hii ni ngumu kwa mtu anayezisikia mara ya kwanza.

Baba yake, Mzee Bartolomeo, nilimkuta njiani. Shikamoo. Marahaba. Akaniuliza bati nimepata. Nikasema Jumatatu, mzee. Akasema yeye ni maskini, ana ng'ombe mmoja tu tena haoni jicho la kushoto, kwa hiyo binti ndiye mali yake yote na hawezi kumtoa ovyo. Koti lake limeraruka viwiko. Nilimhurumia sana.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Naandika nikiwa jikoni kwa mjomba. Nitaandika yote.

Asubuhi ilianza vizuri. Kiwanja kilijaa. Padre alikaa mstari wa mbele, Mzee Bartolomeo pembeni yake, na koti lile lile. Mimi nilipewa kipaza sauti! Nilitambulisha maharage kwa hotuba niliyoitunga kwa ajili ya T yoyote. Makofi. Nikatambulisha ngano kwa hotuba ile ile. Makofi. Mgeni wa mkoani, yule wa chafya, aliuliza jina langu. Ndugu Katibu alitabasamu mpaka nikaona pengo. Funguo nilizisikia zikilia mfukoni mwangu, na bado hazikuwa mfukoni mwangu.

Kisha ng'ombe.

Mzee Saruni aliingia na ng'ombe wake, wakubwa, wametulia, kengele shingoni. Watu walisimama. Nikakumbuka sharti: si kwa kidole. Basi nikatumia fimbo! Nikanyoosha fimbo kwa wa kwanza, nikasema kwenye kipaza sauti, moja. Mzee Saruni alipiga mluzi mfupi. Ng'ombe wote wakageuka pamoja, wakatoka pamoja, kwa heshima, kupitia banda la vitunguu. Kupitia, yaani halipo tena. Aliponipita aliniaga vizuri tu.

Ningeishia hapo. Lakini ng'ombe wa Karatu walikuwa bado wamesimama, na nikasema moyoni kwamba hawa ni wa kwetu, hawana masharti.

Hapa lazima nieleze, ingawa kila mtu hapa kwetu anajua. Ng'ombe anayelala kwa mtu si lazima awe wa mtu huyo. Unampa rafiki akulishie. Yeye anakunywa maziwa na kutumia samadi, wewe ng'ombe wako hawafi wote siku ugonjwa ukiingia boma moja. Na zaidi ya hayo, hakuna anayeona ulichonacho. Mjomba wangu analisha wawili wa mtu, na mimi ninayelala hatua chache kutoka kwao sijui ni wa nani wala sijawahi kuuliza. Huulizi. Ni kama kumwuliza mtu anaota nini. Nimezaliwa hapa, najua!

Lakini karatasi yangu ya pili, ya KUCHAGUA T BORA, ina mstari unaosema: mwenye T atajwe, apewe zawadi. Kwa maharage ulifanya kazi. Kwa ngano ulifanya kazi. Zawadi ya ng'ombe ilikuwa plau mpya, inang'aa juani.

Alishinda dume mwekundu aliyeletwa na Mzee Tluway, katekista wetu. Nikamwita aje achukue plau. Mzee Tluway akasema huyu analala kwake. Nikasema hongera, ni wako basi? Akasema analala kwake. Nikauliza kwenye kipaza sauti, mpaka Oldeani wakasikia, ni wa nani? Watu wazima wakaanza kuangalia viatu vyao. Mtu mwenye akili angeimbisha kwaya. Mimi nikasema hatuwezi kuendelea mpaka nafasi hii ijazwe.

Mzee Tluway alimtazama padre. Katekista hawezi kusema uongo mbele ya padre wake. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba dume ni wa Mzee Bartolomeo.

Nilifurahi! Baba mkwe wangu kashinda! Nikatangaza kwa shangwe. Nikaita mshindi wa pili, dume mweusi kutoka boma la upande wa Daa. Ni wa nani? Wa Mzee Bartolomeo. Wa tatu, kutoka boma jingine kabisa. Mlishaji wake hakusubiri kuulizwa, alinyanyua kidevu tu kuelekea mstari wa mbele.

Hapo ndipo nilipomwona padre. Alikuwa anageuka polepole kumtazama jirani yake. Mwezi uliopita kanisa lilichangisha mabati ya paa, na Mzee Bartolomeo alitoa kuku mmoja, akalia, akasema ana ng'ombe wa jicho moja tu. Watu nyuma walianza kucheka, kwanza wanawake, kisha wote. Mzee Bartolomeo alivaa kofia yake akaivuta mpaka puani. Akaondoka katikati ya kiwanja bila plau. Alipofika kwangu alisimama. Alinitazama, akaendelea. Afadhali angenitukana.

Lukresia alimfuata. Aliniangalia mara moja tu. Nilitamani niwe gunia.

Jumanne, 8 Julai

Ndugu Katibu ameniita. Akanipa kiti na chai, nikajua kwamba nimekwisha. Mtu anayepata kazi hapewi kiti.

Alisema mimi si mjinga. Alisema karatasi yangu ya kupanga ndiyo bora kuliko zote zilizowahi kuingia ghalani, na kwamba siku ile ya maharage na kahawa aliona kazi ya siku nzima ikiisha asubuhi. Kwa hiyo wataendelea kuitumia. Patrisi ataitumia. Patrisi ndiye mtunza ghala.

Nikaomba kuiona. Ilikuwa imebandikwa mlangoni. Yangu, neno kwa neno, T kwa T! Majalada yamefungwa kamba yamepandishwa dari. Ila juu kabisa Patrisi ameongeza mstari mmoja kwa wino mwekundu: T iwe kitu kinachomwagika bila kuvunjika na kinachopimika kwa mizani. Mstari mmoja tu! Na kwa mstari mmoja analala ndani ya bati. Nilimwambia huo si ubunifu, huo ni ubaguzi. Akasema karibu siku moja unywe chai nyumbani. Nyumbani!

Nimetembea mpaka mtoni nikarudi. Nimeumia, sifichi.

Kisha nikapata wazo. Nyumba sina, sawa. Lakini Mzee Bartolomeo naye sasa hana umaskini! Alikuwa na sababu ya kunikataa, binti ndiye mali yake yote. Sababu hiyo ilikufa jana uwanjani, tena niliiua mimi. Yuko dhaifu. Nipeleke posa leo leo, kabla Patrisi hajanunua kitanda kikubwa.

Mshenga: Mzee Piusi. Amestaafu, ana nafasi, anaheshimika, na miaka yote amefanya alichoandikiwa bila kuongeza wala kupunguza. Akaniuliza aseme nini, hajawahi kuwa mshenga. Sikuwa na muda wa kutunga mapya. Nikampa hotuba ya Saba Saba, ile iliyopigiwa makofi mara mbili. Nikamwambia popote penye T aseme Lukresia.

Jumatano, 9 Julai

Mzee Piusi amerudi. Ana uso wa mtu aliyetoka kwenye mvua ya mawe.

Anasema alipokelewa vizuri. Mzee Bartolomeo alikuwa amekaa ndani, maana tangu Jumatatu kila anayepita anabisha hodi kuomba ng'ombe wa kulisha, na padre amekuja tayari na fundi wa paa. Mama alileta kiti. Lukresia alisimama mlangoni. Mzee Piusi akavua kofia, akasoma.

Akasema, ndugu wananchi, huyu mnayemwona ni Lukresia. Amekaushwa vizuri juani. Hana fukusi wala mchanga. Amehifadhiwa mbali na panya. Uzito wake unaridhisha. Anafaa kwa matumizi ya nyumbani, na ziada inaweza kuuzwa nje.

Nilimwuliza kama hakuona kasoro yoyote alipokuwa akisoma. Akasema aliona, lakini imeandikwa.

Anasema Mzee Bartolomeo aliinuka akaanza kuitafuta fimbo yake. Anasema mama alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Anasema Lukresia alicheka mpaka akashika mhimili wa mlango. Kisha akaacha kucheka, akajifuta macho, akamwambia Mzee Piusi anifikishie maneno haya. Kwamba masika yale matope yalipofika magotini, nilipombebea kuni mpaka kwao bila kusema hata neno moja, siku ile alikwisha nikubali. Kwamba bati lilikuwa neno la baba yake, si lake. Kwamba alikuwa anangoja nije mwenyewe, niseme kitu ambacho hakiwezi kusemwa kwa mwingine. Na kwamba sasa hangoji tena.

Iliniuma. Naandika wazi, iliniuma mpaka nikashindwa kula, na mjomba alikuwa amechinja. Nilikaa nje nikaangalia wale ng'ombe wawili wa mtu wakitafuna. Sikumbuki kuni zile. Nakumbuka matope tu.

Nimefikiri mchana kutwa kosa liko wapi, kwa uaminifu, bila kujipendelea. Nimelipata. Hotuba ni nzuri, ilipigiwa makofi. Karatasi ni nzuri, hata Patrisi anaitumia. Kilichokosewa ni kilichotiwa ndani yake.

Mzee Piusi, alipokuwa anaaga, alidokeza kwamba Lukresia ana dada yake, Evarista, muuguzi wa zahanati kule Oldeani, mpole, bado hajaolewa. Baba ni yule yule, nyumba ni ile ile, njia mshenga anaijua. Nimefuta ule mstari wa panya. Kesho asubuhi anakwenda, ila popote penye Lukresia aseme Evarista.